Barua za Elisabeth wa Bohemia: nianze na ipi?

Wakuu, nafundisha falsafa mwaka wa kwanza chuoni. Binti mmoja kaniuliza, "Wanawake walikuwa wapi?" Nataka kumsomesha barua za Elisabeth, binti wa mfalme wa Bohemia (leo ni sehemu ya Czech), kwa mwanafalsafa Mfaransa Descartes. Nianze na ipi?

— Mwalimu, ile ya Mei 1643. Ana miaka 24, anamuuliza bila woga: roho isiyo na umbo inausukumaje mwili? Jibu halikumridhisha, Juni akaandika tena. Hapo ndipo nilipompenda.

— Mweleze pia kwamba Descartes alipofariki 1650, Elisabeth alikataa barua zake mwenyewe zichapishwe. Nakala zilikutwa katika kasri la Rosendael, Uholanzi, zikachapishwa 1879. Miaka 200 na ushee tukisikia upande mmoja tu, wa Descartes!

— Ahsanteni sana. Jumatatu naanza na ya Mei.