Launcha imenirestatia kompyuta katikati ya kazi ya mteja bila hata kuuliza, hivi hizi programu anatengenezewa nani?

Wakuu habari za jioni. Naandika huku hasira haijaisha kwa hiyo mnivumilie, uzi utakuwa mrefu.

Mimi nina steshenari. Nachapa, naprinti, naskani, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa moja usiku mikono iko kwenye kibodi. Kompyuta ni laptopu yuzdi ya Windows, RAM 4GB, diski ni ile ya kuzunguka siyo SSD (zile za kisasa zenye kasi). Miezi mitano iliyopita nikaweka launcha. Kwa wasiozijua, ni zile programu ndogo, unabonyeza Alt na Space kinatokea kisanduku katikati ya skrini, unaandika herufi mbili tatu za programu au folda unayoitaka, Enter, imefunguka. Hakuna kuacha kibodi ukashike mausi, hakuna kuhangaika na ikoni. Kwa mtu anayechapa kutwa nzima ni msaada mkubwa mno, na ndo maana imeniuma hivi.

Leo kwenye saa tisa nilikuwa namchapia mama mmoja katiba ya kikundi chao cha vikoba. Kurasa sita, ameziandika kwa mkono kwenye karatasi za daftari pande zote mbili, sehemu nyingine kafuta kaandika juu yake, ikabidi akae kwenye stuli pembeni yangu anisomee. Nimefika ukurasa wa sita, kifungu cha faini za wanaochelewa kikao, kijana akaingia anataka kopi ya resiti niliyomskania wiki iliyopita. Nikabonyeza Alt na Space, r, e, s, Enter, huku namwangalia yeye namuuliza ilikuwa siku gani. Miezi mitano yote "res" ni folda yangu ya Resiti, haijawahi kuwa kitu kingine.

Skrini ikawa nyeusi.

Kumbe asubuhi ilijiapdeti yenyewe. Apdeti imefuta kumbukumbu ya vitu ninavyofungua kila siku, halafu ikaongeza amri za kompyuta kwenye majibu: shutdown, sleep, restart. R, e, s. Ikalazimisha kila kitu kifungwe, haikuuliza una uhakika au huna, haikujali kuna kazi ipo wazi haijaseviwa. Na mashine hii kuwaka ni dakika nne nzima, mama amekaa ananitazama, kijana naye akaondoka. Ilipowaka nikarudishiwa kurasa mbili. Mbili kati ya sita! Najua kuna watakaoniambia ningesevu, ni kweli ningesevu, hilo kosa langu nalikubali, lakini hata ningekuwa nimesevu, ni nani kawaambia amri ya kurestati mashine ya mtu ikae kwenye mstari mmoja na folda za kawaida, isubiri Enter ileile?

Maana launcha zinajua kuuliza jamani. PowerToys Run, launcha ya Microsoft, kwenye seting zake ina sehemu ya kutiki ili amri za mfumo zikuulize kwanza. Ina pia alama za kutenganisha mambo, ukianza na alama ya > unaendesha amri, ukianza na = unapiga hesabu, ukianza na nukta inatafuta programu tu. Kwa hiyo njia ipo, mtu ameshaifikiria, sasa kwa nini ya kwangu inamwaga kila kitu kwenye kapu moja?

Halafu hii ya leo ndo imenifikisha mwisho tu, kuna jambo lilikuwa linanikera muda mrefu. Unaandika herufi zako, unaona kabisa mstari wa kwanza ni kitu unachokitaka, kidole kinashuka kwenye Enter, na hapohapo orodha inajipanga upya. Unafungua kitu ambacho hukukiona. Nilikaa nikafuatilia kwa nini, na sababu ni rahisi kuielewa. Ukiandika "cal" ya Calculator, yaani kikokotoo, launcha inauliza sehemu kadhaa kwa wakati mmoja, orodha ya programu ambayo iko kwenye RAM inajibu papo hapo, mafaili yanasubiri diski, na mapendekezo ya mtandaoni yanasubiri intaneti. Kila jibu likifika linajipenyeza kwenye foleni na likionekana zito zaidi linakaa juu. Kwa mwenye SSD na intaneti nzuri yote yanafika pamoja, haoni kitu. Kwa sisi wenye diski za kuzunguka na bando la kupimia, jibu la mwisho linafika wakati kidole kipo hewani. Nimetaka kikokotoo nimpigie mteja hesabu ya kopi 37, imenifungulia brauza inatafuta "cal" mtandaoni na kula bando langu. Si mara moja wala mbili.

Na waliotengeneza wanajua, ndo kinachoniudhi. Hiyohiyo PowerToys Run ina seting ya kusubiri plagini (vile vipande vya nyongeza vinavyoleta majibu) zinazochelewa kabla ya kuchagua jibu la juu. Huwezi kuweka seting ya tatizo usilolijua.

Sasa tangu jioni nimekaa natafuta ya kuhamia na kila nikigusa kuna mfupa. Launchy ndo niliyoanzia zamani, nyepesi, inatulia, lakini toleo lake la 2.5 ni la mwaka 2010. Keypirinha ni nyepesi pia na ina kasi nzuri, ila seting zake zote ni faili la maandishi unalohariri mwenyewe, mimi sina shida na hilo, shida yangu ni kwamba haijatoa kipya miaka sasa na naogopa kuzoesha mikono kitu ambacho kesho hakuna wa kukirekebisha. Flow Launcher watu wanaisifu, ilitokana na Wox, launcha nyingine, ipo hai na ina plagini nyingi, lakini mimi plagini nyingi ndo zilizonifikisha hapa. Zile zilizojengwa kwa Electron sizigusi, zinabeba injini nzima ya brauza, Chromium, mgongoni, kwenye 4GB utabaki na nini cha kufanyia kazi? Na hiyo PowerToys Run inakuja ndani ya furushi la PowerToys lenye vidude vingi nisivyovihitaji, halafu mwaka 2025 wakaleta Command Palette ya kuchukua nafasi yake, inaitwa kwa Win na Alt na Space. Yaani vidole vilivyozoea Alt na Space vianze shule upya!

Hapo hata sijagusa kwamba Alt na Space kwenye Windows ilikuwa na kazi yake tangu enzi, inafungua ile menyu ya dirisha ya kusogeza na kukuza. Dirisha likipotelea nje ya skrini unalivuta na hiyo. Launcha inakuja inainyakua, wala hukuulizwa.

Kitu pekee nilichopenda moja kwa moja ni Everything, na yenyewe si launcha, ni ya kutafuta mafaili tu. Badala ya kuzunguka folda moja moja inasoma lile jedwali la mafaili ambalo NTFS, mfumo wa Windows wa kupanga mafaili kwenye diski, yenyewe inalitunza, kwa hiyo hata kwenye diski yangu hii unaandika na majibu yapo. Kumbe kasi inawezekana kwenye mashine chakavu, basi tusidanganyane.

Na wa Linux kabla hamjaja, dmenu, launcha yenu ndogo, nimeijaribu kwenye mashine ya rafiki yangu na nawaambia ukweli ile ndo akili ninayoitaka. Haijifunzi chochote, haina mtandao, inasoma orodha ya majina, kinacholingana kabisa kinatangulia, kisha kinachoanza na herufi zako, kisha chenye herufi zako katikati. Leo na mwakani herufi zilezile zinaleta kitu kilekile. Lakini huko nako wamehamia Wayland, mfumo mpya wa kuonyesha madirisha kwenye skrini, ambako programu ya kawaida hairuhusiwi kujinyakulia vitufe vya mashine nzima (kwa usalama, naelewa, isije programu ikasoma unachochapa), kwa hiyo launcha nyingine hazisikii shotikati yake mpaka uende mwenyewe kuiseti kwenye mipangilio ya deskitopu.

Mimi sitaki mandhari, sitaki emoji, sitaki launcha inayoniambia hali ya hewa. Nataka nilichokiona kwenye mstari wa kwanza ndicho kifunguke, na kama inajifunza vifupi vyangu, basi ule ujuzi ni wa mikono yangu, nimeujenga mimi kwa miezi mitano, apdeti isiuguse.

Kama kuna mtu humu ana mashine ya 4GB na diski ya kuzunguka, naomba anisaidie jaribio moja. Andika herufi tatu haraka upige Enter bila kusita, rudia mara ishirini, uniambie mara ngapi imefungua kitu kingine. Taja na launcha yenyewe. Wenye SSD naomba msijibu hili, majibu yenu hayanisaidii.

Nimeiondoa ile. Mama anarudi kesho saa tatu, karatasi zake ameniachia hapa mezani, nimebakiza kurasa nne na mwandiko wa ukurasa wa tano siuoni vizuri bila yeye kunisomea.