Kubadilisha mabati: kuezeka juu ya mabati kuukuu au kuezua kwanza?

Swali

Ndugu zangu, naomba ushauri. Mabati ya nyumba yangu yalipigiliwa misumari miaka mingi iliyopita, na sasa yameshika kutu na kuvuja sehemu tatu. Fundi wa kwanza anashauri tusiyaondoe, bali tupigilie papi mpya (mbao nyembamba za kushikilia mabati) juu yake kisha tuezeke mabati mapya, kwa kuwa kazi itakwisha haraka na hatutalazimika kuhama. Wa pili anasisitiza tuezue hadi kwenye kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa), tena atumie skrubu badala ya misumari. Mke wangu naye angependa vigae. Mngechagua njia ipi, na kwa nini?

Jibu la 1

Kabla ya kuchagua, waulize mafundi wote wawili kama kuna aliyeingia darini kuzitazama mbao. Maji ya paa linalovuja aghalabu hayadondoki pale yalipoingilia. Hutambaa juu ya mbao, yakatokeza mbali, na njiani huiozesha mbao ambayo hakuna anayeiona. Ukiezeka juu ya mabati kuukuu, unaufunika uozo huo, na misumari ya papi mpya inapenya bati na kushika mbao ambayo hujui kama bado ni nzima. Isitoshe, hewa yenye unyevu inayonaswa kati ya mabati hayo mawili hutoa matone usiku bati la juu linapopoa, na kutu huendelea kimyakimya.

Ningekubali kufunika endapo tu mbao zimekaguliwa zote na papi mpya zikafungwa moja kwa moja kwenye kenchi. Kipimo ni rahisi: chomeka bisibisi kwenye mbao, hasa karibu na kofia (bati la kufunika kilele cha paa), kwenye maungio na juu ya ukuta, ikizama bila nguvu, mbao hiyo imekwisha. Kuhusu kuhama, fundi makini anaweza kuezua upande mmoja, akauezeka, ndipo aende upande wa pili, huku turubai likiwa tayari.

Jibu la 2

Naunga mkono skrubu, na sababu yake inapimika. Bati la chuma lenye urefu wa mita 6 hurefuka kwa takribani milimita 3 joto lake linapopanda nyuzi 40 za Selsiasi, kisha hurudi linapopoa. La alumini husogea karibu mara mbili ya hapo. Mchezo huo wa kila siku huung'oa msumari kidogo kidogo, ilhali hesi (mizunguko) za skrubu huishika mbao kwa nguvu zaidi, na washa yake ya mpira huziba tundu. Lakini skrubu iliyokazwa kupita kiasi huibana washa hadi ikapasuka, na iliyolegea hupitisha maji, kwa hiyo msimamie fundi hapo. Kwa mabati ya mawimbi, skrubu ipite juu ya mgongo, kwa sababu maji hupita bondeni. Mabati yaanze kupangwa upande ulio mbali na unakotoka upepo wenye mvua, ili mapishano yasiukabili.

Jibu la 3

Kuhusu vigae, tafadhali msiamue bila mhandisi. Vigae vya zege huwa na uzito wa kilo 40 hadi 50 kwa mita ya mraba, na mabati ya kawaida takribani 5. Kenchi zilizojengwa kubeba mabati hazikukusudiwa mzigo huo.

Muuliza swali

Nawashukuru sana. Leo asubuhi nimeingia darini na bisibisi. Papi mbili chini ya kofia zimeoza, na kichwa cha kenchi moja kimelainika mahali ambapo ndani ya nyumba hapavuji kabisa. Nimemwita fundi wa pili. Tutaezua upande mmoja mmoja, tubadilishe mbao hizo, kisha tufunge mabati kwa skrubu. Habari ya vigae tumeiacha.