Mdhamini anataka masta zangu zote (rekodi asili za ngoma), nisaini?

Chalii_wa_Ngarenaro: Wakuu, habari za jioni. Nachana hip hop mwaka wa sita sasa, hapa hapa Chuga, yaani Arusha. Mzee mmoja mfanyabiashara kasikia ngoma zangu, kaniita Njiro, kaniagizia mguu mzima wa mbuzi, kisha akatoa mkataba. Milioni nane: studio, video mbili na kodi ya geto ya mwaka. Nimekwama kipengele cha saba: masta zote "zilizopo na zitakazokuja" ni zake, na neno la siri la YouTube nimkabidhi. Kwa mdomo kaongeza nilainishe, niimbe mapenzi, eti hela iko Dar. Mama anauza ndizi soko la Kilombero, anasema nisaini. Jibu Jumatatu.

Mzee_wa_Sakina: Dogo, ulikula mbuzi kabla ya kusoma? Haya. Mimi hela ya mtu wa nje hainitishi. Kundi la hip hop la X Plastaz ni wa hapa hapa, albamu yao ya 2004 ilitolewa na lebo ya Ujerumani, na bado ukisikiliza unakutana na Kimaasai humo ndani. Mimi ningekomalia hilo la "lainisha". Halijaandikwa popote, na ndilo litakalokusumbua kila ukiingia studio.

Dada_Mhariri: Niko Moshi, kazi yangu vitabu. Mdogo wangu, masta ni kitu kimoja na mashairi ni kingine, angalia kama kavikusanya vyote. Mashairi yako kwa sheria yetu ya 1999 yanalindwa mpaka miaka 50 baada ya wewe kufa, kwa hiyo hapo unasaini na vya wanao. Sisi mwandishi humpa mchapishaji ruhusa ya kuchapa kwa miaka kadhaa, muda ukiisha haki zinarudi kwa mwandishi. Tafuta kwenye huo mkataba neno "miaka". Kama halimo, mwambie aliweke. Kuhusu kulainishwa, usikatae kila kitu: mhariri wangu aliwahi kunifutia sura mbili, nikalia, na alikuwa sahihi.

Kocha_Mstaafu: Kijana wangu anakimbia chuo kimoja Marekani. Tangu Julai 2021 NCAA, chama cha michezo ya vyuo huko, inawaruhusu wanamichezo wa vyuo kulipwa kwa jina na sura zao, basi kampuni ikamfuata na tangazo. Bahati akauliza kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Wakamwambia viza yake ya mwanafunzi, F-1, inabana kazi za namna hiyo, anaweza kuipoteza. Kampuni haikugusia hilo hata kidogo, maana wa kurudishwa uwanja wa ndege wa KIA na begi lake si kampuni. Mpelekee wakili, hata kwa elfu hamsini ya kukopa.

Mzee_wa_Sakina: Kocha kamaliza.

Chalii_wa_Ngarenaro: Mrejesho. Nimempigia. Nimesema masta za ngoma atakazolipia yeye tu, miaka mitano, mashairi yabaki yangu, na neno la siri hapana. Kanyamaza mpaka nikadhani salio limekata. Halafu: "Ngoja niongee na mke wangu." Mama tangu jana hanisemeshi.