Naomba ushauri: Nissan Leaf (gari la umeme) iliyotumika, nipime nini kwenye betri kabla ya kulipa?

Wakuu, kwa kuwa watengenezaji wengi wanahamia magari ya umeme, nataka Nissan Leaf iliyotumika yenye betri ya kWh 24. Mota hainipi shaka, haina plagi za kuwashia mafuta wala mkanda wa taimingi. Hofu yangu ni betri: haipozwi kwa maji, hivyo joto kali huichosha mapema.

Dashibodi ina vipau 12 vya uwezo wa betri. Kikipotea cha kwanza, takriban asilimia 15 imeshakwenda. Tatizo ni kwamba kompyuta ya betri ikirisetiwa, vipau hurudi vyote, na hapo ndipo wanunuzi wengi huumia. Kwa hiyo nitachomeka kifaa cha OBD2 (cha kusoma taarifa za kompyuta ya gari) nisome volti za jozi zote 96 za seli, kwanza chaji ikiwa imejaa, kisha ikiwa chini ya asilimia 20 huku gari likipanda mlima. Seli dhaifu hujificha chaji ikiwa juu.

Tofauti ya milivolti ngapi kati ya jozi hizo mnaikubali? Kuna aliyebadilisha moduli (kifurushi cha seli) moja tu kati ya 48 za betri hiyo, na ililingana na zile za zamani? Na CHAdeMO, plagi ya kuchaji haraka ambayo watengenezaji wengi wanaiacha, ni sababu tosha ya kuchagua gari lingine?