Kwa nini sura ya Darwin ilichongwa kwa mkono mwaka 1874 wakati kamera zilishakuwepo?

DadisiKuu:
Wakuu habari zenu. Nilikuwa napekua matoleo ya zamani ya jarida la sayansi la Nature yaliyoskaniwa, nikafika Juni 1874 nikakuta picha ya Charles Darwin, yule wa nadharia ya mageuko, na midevu yake ile, nikajua ni foto ya kawaida nikapita zangu. Baadaye nikairudia nikazumu, aisee, hakuna foto pale! Ni vinukta na vijistari tu, shavu zima vinukta, ndevu zimechorwa uzi mmoja mmoja. Kumbe imechongwa na jamaa anaitwa C. H. Jeens. Sasa kamera ilitangazwa kwa watu 1839, hapo ni miaka 35 imeshapita, Waingereza wanajipanga studio kupiga picha kila siku, iweje bado wanamlipa mtu akae na kisindano anachonga sura ya mtu kwenye bamba? Na alikuwa anafanyaje hasa? Mimi hata kunyoosha mstari kwa rula ni mtihani. Mwenye uelewa atiririke.

FundiWino:
Mkuu, foto ilikuwepo na Jeens mwenyewe ndiyo aliyoitumia, hiyo ya Darwin ilipigwa na mpiga picha Rejlander. Tatizo ni kwamba foto ya enzi hizo kwa kawaida ilikuwa haichapiki kwa wino. Kila kopi ilibidi itengenezwe yenyewe kwa karatasi yenye dawa ya fedha, iwekwe kwenye mwanga, ioshwe, halafu mtu aibandike kwa gundi kwenye kitabu, moja baada ya nyingine. Kwa albamu ya sebuleni sawa, ila kwa jarida linalotoka kila wiki utachanganyikiwa, na juu ya hapo nyingi zilikuwa zinapauka na kugeuka njano. Wino wenyewe unajua vitu viwili tu, upo au haupo, kijivu hakuna. Kwa hiyo lazima apatikane mtu wa kugeuza vivuli vyote vya uso wa binadamu viwe nukta na mistari ya wino mweusi, na kazi yenyewe ndiyo hiyo.

Namna ya kufanya, nachukulia mtindo wa nukta ambao ndio uliopendwa kwa nyuso. Bamba la chuma laini linasuguliwa mpaka ling'ae, linapakwa nta nyembamba. Mchongaji anaweka karatasi angavu juu ya foto au mchoro, anakwaruza mistari mikuu, macho, ukingo wa pua, mdomo, anajaza vumbi la rangi kwenye mikwaruzo, halafu anaigeuza kifudifudi juu ya nta na kuikandamiza. Hapo sura inakaa kinyume, kulia kushoto, na ndivyo inavyotakiwa kwa sababu ikichapwa inarudi sawa. Kuanzia hapo anafanya kazi huku anaangalia foto kwenye kioo ili ifanane na ile iliyogeuzwa kwenye bamba. Anatoboa nta kwa sindano nukta kwa nukta, anamwaga asidi, asidi inakula chuma pale palipotobolewa tu. Sehemu za mwanga kama paji la uso anaziziba mapema kwa vanishi, sehemu za giza anaziacha ziliwe tena na tena. Mwisho anaingia na patasi yake ndogo yenye ncha ya pembe, anakazia mboni, anaongeza nukta katikati ya nukta. Dirishani wametundika karatasi nyembamba ili jua lisiakisi kwenye chuma, usiku taa inawekwa nyuma ya tufe la kioo lenye maji ili mwanga ukusanyike sehemu moja, na lenzi haitoki jichoni. Sura moja inakula wiki, kubwa zinakula miezi.

BintiMaktaba:
Naongezea kidogo hapo kwa FundiWino. Zamani walichonga kwenye shaba, ikawa inachoka haraka, nakala mamia kadhaa tu mistari myembamba inaanza kufutika. Miaka ya 1820 wakahamia kwenye chuma ndo wakaweza kutoa maelfu. Ndio maana vitabu vya wasifu vya enzi ya Malkia Victoria wa Uingereza karibu vyote ukurasa wa mbele una sura ya mhusika, na ukurasa huo uko peke yake, umechapwa kwa mashine nyingine kabisa. Wino wa bamba la kuchonga unakaa ndani ya mashimo, wino wa herufi unakaa juu, hivyo haviwezi kupita pamoja. Ukiwa na kitabu chenyewe mkononi pitisha kidole pembezoni mwa picha, utasikia bonde la mstatili lililoachwa na bamba lilipokandamizwa kwenye karatasi mbichi.

Ila mimi kinachoniuma ni heshima waliyopewa hawa watu. Royal Academy ya London, taasisi kubwa ya wasanii, ilianzishwa 1768 na wachongaji wakaachwa nje, baadaye wakaingizwa kama washirika wa daraja la chini, hoja ikiwa eti wao wananakili tu kazi za wengine. Mchongaji wa kwanza kupewa uanachama kamili ni Samuel Cousins, 1855! Huyu alikuwa mtoto wa Exeter, akiwa na miaka 10 alishapata tuzo ya uchoraji London, mwaka 1814 akaenda kujifunza kazi kwa mchongaji S. W. Reynolds. Yeye alikuwa mtu wa mezotinti, ambayo ni kinyume cha aliyoeleza mwenzangu. Unalikwaruza bamba zima kwa chuma chenye meno mpaka likichapwa linatoa weusi mtupu kama usiku wa masika, halafu unaanza kukwangua na kulainisha pale unapotaka mwanga. Uso unatokea polepole kutoka gizani. Sasa niambie huyo ananakili nini hapo, mchoraji alikuwa na rangi zote na yeye ana weusi tu, shavu jekundu na kola nyeupe inabidi aamue mwenyewe vitofautianeje. Na alipopata hela aliikabidhi hiyohiyo Academy pauni 15,000 zisaidie wasanii wenye hali ngumu.

DadisiKuu:
Duh, shukrani sana. Swali la kizushi, kwenye karatasi nikikosea nafuta, huyu akikosea kwenye chuma wiki ya sita anafanyaje? Anaanza upya?

FundiWino:
Haanzi upya mkuu, ila jasho litamtoka. Anakwangua ile sehemu mpaka kosa liishe, sasa pamebaki kabonde, na kabonde kanashika wino kanatoa doa. Kwa hiyo anachukua bikari yenye miguu iliyopinda, anatafuta upande wa nyuma wa bamba sehemu ileile hasa, analilaza kifudifudi juu ya fuawe na kugonga kwa nyundo taratibu mpaka uso wa mbele uinuke ulingane. Analisugua, anachonga tena. Na mara nyingi wala hajakosea yeye, nakala ya majaribio imepelekwa kwa mchoraji ikarudi imejaa chaki nyeupe na nyeusi, hapa punguza, hapa kaza, hiki kidevu sio chake.

Stempu_za_Babu:
Naona mmesahau sura iliyochapwa mamilioni ya mara. Penny Black, stempu ya kwanza duniani, Mei 1840. Kile kichwa cha Malkia Victoria kilichongwa na Charles Heath na mwanawe Frederick, na wengi wanaamini mkono hasa ni wa kijana maana macho ya mzee yalishachoka. Walifuata mchoro wa Henry Corbould, uliotokana na medali ya William Wyon ya 1837, ambayo nayo ilitoka kwenye sura aliyomchora Victoria akiwa binti wa miaka 15. Jaribio la kwanza lilikataliwa, limechongwa hafifu mno, wakarudia. Kipande kile kimoja cha chuma kikakazwa kwa moto, sura ikahamishiwa kwenye rola ya chuma laini, rola nayo ikakazwa, ikabiringishwa kwenye bamba mara 240, kwa hiyo shiti moja ni stempu 240 za peni moja moja, yaani peni 240, pauni moja kamili kwa hesabu ya enzi hizo. Zikatoka zaidi ya milioni 68.

Na unajua kwa nini waliweka uso badala ya nembo au maua? Kuzuia watu wasighushi. Jicho la mtu hata asiyesoma linagundua haraka uso ukibadilika kidogo, lakini maua yakibadilika nani atajua. Kwa hiyo ujuzi wa mchonga sura ndio uliokuwa usalama wa posta nzima. Halafu kinachonichekesha, malkia alizeeka, akafiwa na mume, akawa bibi wa wajukuu, akafariki 1901, na stempu za kwao mpaka mwisho zinamwonyesha yuleyule binti. Huyo Jeens wenu pia alichonga stempu, za makoloni.

MpingaSifa:
Mimi niwe tofauti kidogo, BintiMaktaba usikasirike. Wapo akina Cousins na Jeens sawa, lakini sehemu kubwa ya biashara ile ilikuwa karakana. Bosi anachonga uso na mikono, kijana anajaza koti, mwingine kazi yake mandhari ya nyuma tu, halafu jina chini ni la bosi. Kwenye magazeti ndo usiseme. Illustrated London News ilianza 1842, wao walitumia mbao ngumu za mti wa mboksi kwa sababu mbao unaweza kuzichapa pamoja na herufi. Picha kubwa walikuwa wanaikata vipande vilivyofungwa kwa bolti, kila mtu anapewa kipande chake anachonga usiku kucha, asubuhi wanaviunga. Ukizumu vizuri utaona mistari myeupe vipande vilipokutana. Na nyuso zile walizilainisha mno, mzee wa miaka 70 anatoka hana hata kunyanzi, mteja alipenda na mchapishaji alipenda. Ukiweka foto na mchongo pembeni unajua kabisa nani kapunguziwa kidevu.

BintiMaktaba:
Sikasiriki, ni kweli. Ila hata huyo kijana wa makoti alisota miaka kama saba akijifunza kuchonga kitufe kionekane cha mviringo, tusimchukulie poa.

DadisiKuu:
Sasa walipotea lini? Na mimi nitajuaje picha ya kuchongwa na isiyochongwa nikiwa naangalia skani tu?

FundiWino:
Miaka ya 1880 na 1890 ndo ikawa basi. Zikaja njia za kuhamisha foto kwenye bamba kwa kemikali, halafu ile ya kupiga picha kupitia wavu wa mistari ambayo inachapwa pamoja na herufi kwa bei chee. Waliobaki wakaenda kwenye noti na stempu. Kwenye skani zumu shavuni. Nukta zikiwa zimejipanga kama gwaride, safu zilezile ukurasa mzima hadi kwenye ukuta wa nyuma, hiyo ni ya wavu. Zikiwa zinafuata mzunguko wa shavu, zinakuwa ndogo karibu na pua, zinageuka mistari zikifika kwenye koti, hapo alikaa mtu. Jaribu na Faraday, yuko Septemba 1873 kwenye hilohilo jarida, ndiye aliyefungua mfululizo wao wa wanasayansi na Jeens huyohuyo ndiye aliyemchonga.