Mtwara: hizi eksozi zilizokatwa zinatutoa roho usiku

Wakuu, saa nane usiku hii naandika nimempakata mwanangu wa miezi saba. Hii ni mara ya tatu anaamka. Kuna kigari kimoja kikikata kona hapa Chikongola, bati linatetemeka na vikombe kabatini vinagongana. Kikishapita, zinafuata bodaboda mbili zilizotolewa saileza, zinapigishwa resi makusudi mpaka eksozi inalipuka kama baruti. Mtoto anashtuka mikono juu, analia mpaka anakauka sauti.

Malori ya makaa ya mawe yanayokwenda bandarini tunayavumilia, yapo kazini. Hawa wana kazi gani?

Juzi nilikuwa kwa fundi nachomelea geti. Akaletewa gari, akaingia chini na grenda, akakata saileza na masega (kile kifaa cha kusafisha moshi ndani ya eksozi), akachomelea bomba tupu. Kazi haikufika saa nzima, mchana kweupe, kando ya barabara. Masega yakawekwa pembeni, yana mnunuzi wake kwa sababu ndani mna platinamu na paladiamu. Sasa jamani, yale masega ndiyo yanayoigeuza kaboni monoksaidi na petroli isiyoungua kabla moshi haujatoka. Ukiyatoa, sumu yote inakuja kwetu dirishani. Jirani yangu bibi ana pumu. Jioni anafunga madirisha yote, na joto la Mtwara mnalijua.

Na msiniambie sheria hakuna. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ipo tangu 2004, na kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zimetoka 2015. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2018 kwa nchi za Ulaya, limeshauri kelele za magari usiku zisizidi desibeli 45. Huku kwetu kuta zinatikisika! Nimeripoti mara mbili, nikaambiwa nilete namba za gari. Nizisome vipi gizani, gari linakimbia?

Wanaosimamisha magari wanaangalia leseni, bima, kizimamoto, pembetatu. Wainame basi na nyuma wasikilize bomba. Atakayekutwa gari lisitoke mpaka arudishe saileza, na fundi aliyekata naye alipe faini. Mkimwacha fundi, kesho atakata jingine.

Asubuhi napeleka barua serikali ya mtaa. Wa Chikongola na Magomeni mliochoka kama mimi, njooni inbox tuweke sahihi.