Mtoto kufua nguo zake mwenyewe: mlianzaje? Tupeane uzoefu

Wadau habari zenu. Wangu ana miaka 9 na nimeamua sasa afue nguo zake. Kufikicha hakuna shida, anafikicha hadi basi. Kasheshe ni kusuuza. Akishaona povu limepungua, kwake nguo imetakata. Waliopita njia hii tusaidiane.

Mama Mapacha:
Wangu walianza na soksi na chupi wakiwa na miaka 6. Nguo ndogo inaenea mkononi na mtoto anaikamua mwenyewe, sasa wewe ukimpa suruali ya jinzi unategemea nini? Soksi aigeuze nje ndani, ailoweke, kisha afikiche kisigino na vidole. Baadaye ndipo shati: kola, kwapa, mikono, halafu kwingine kote. Mtoto usipomwonyesha uchafu unapojificha atafua tumbo la shati tu, maana ndilo liko mbele yake.

Sabuni ya unga pima wewe. Watoto wanaamini povu jingi ndiyo usafi, kumbe inazidisha kazi ya kusuuza na inayobaki kwenye nguo inawasha ngozi. Hilo la kusuuza, mwambie akamue nguo juu ya beseni tupu atazame maji yanayodondoka. Yakiwa na ukungu mweupe au yanateleza vidoleni, arudie. Kwangu hicho kipimo kilimaliza ubishi, kwa sababu anajihukumu mwenyewe, simpigii kelele.

Mzee wa Kamba:
Na kuanua mumfundishe! Wa kwangu anafua vizuri, anaanika, halafu anasahau kabisa kwamba ana nguo nje.

Baba K:
Sisi tunatumia mashine, na wengi wanadhani hapo hakuna cha kufundisha. Kipo. Kwanza kukagua mifuko: karatasi laini moja ikisahaulika, nguo zote zinatoka na chembe nyeupe. Pili kutenga rangi, hasa nguo mpya nyekundu na za bluu iliyokoza, hizo zinachuja. Tatu kusoma kile kilebo cha ndani. Alama ya beseni lenye mkono ni kufua kwa mkono, beseni lililopigwa alama ya X ni kwamba nguo hiyo haifuliwi kwa maji. Binti yangu aliligeuza kuwa mchezo, akawa anakagua hadi nguo za wageni.

Nne, mashine ikimaliza nguo zitoke. Zikilala humo mbichi zinaota harufu ya uvundo na itabidi zifuliwe upya. Vile vifuko laini vya sabuni ya maji viwekeni juu kabisa kama mna wadogo nyumbani. Vinafanana na peremende na ni sumu.

Shangazi Mkali:
Mtoto wa miaka 6 afue? Hayo mateso. Mwacheni acheze.

Mama Mapacha:
Shangazi, soksi pea mbili na maji ya kuchezea, hapo mateso yako wapi? Kumtoa kwenye beseni ndiyo kazi.

Dada wa Pili:
Mie naongelea wakubwa. Mabinti wakikaribia kuvunja ungo wafundishwe mapema kwamba doa la damu hulowekwa kwenye maji ya baridi. Maji ya moto yanaligandisha kwenye kitambaa halitoki tena. Wavulana nao wajue, magoti hayachubuki kwa jinsia. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe mimi siwaachii bado. Ikichanganywa na siki au dawa za kusafishia choo inatoa hewa ya sumu, na mtoto anapenda kuchanganya vitu aone itakuwaje.

Mwanzisha uzi:
Asanteni sana, hicho kipimo cha kukamua naanza nacho kesho. Swali: nguo ikibaki na doa, mnairudia wenyewe?

Baba K:
Usiirudie, wala kwa siri usiku. Akijua unarudia, ataanza kufua nusu akijua ya pili ni yako. Mwonyeshe doa, afue hapo tu, siyo nguo nzima.

Mwanzisha uzi:
Na shuka je?

Mzee wa Kamba:
Shuka mfue wawili. Mnatazamana, wewe unasokota kulia kwako, naye kulia kwake, maji yanatoka yote. Blanketi hapana, likilowa hata wewe mtu mzima utaomba msaada.